Mimi, Msingi wa Mamlaka Yote

Kosa langu lilikuwa kununua kitabu. Watu wa rika langu wakipita Kariakoo hununua soksi, betri za redio au dawa ya mende. Mimi nikasimama kwa machinga aliyetandaza vitabu juu ya turubai, na kati ya kitabu cha tafsiri za ndoto na kile cha ufugaji wa kware nikaokota Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Akataka elfu tano. Nikamwambia kimechakaa. Akasema, "Jalada tu, mzee. Ndani hakijatumika." Nikampa elfu tatu, na tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakuna amani.

Nilianza kukisoma humohumo kwenye daladala la Gongo la Mboto. Ibara ya 8 ilinikaba shati. Inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Nikarudia kusoma. Mimi, niliyekalia robo ya siti ya watu wawili tuliyobanana watatu, huku ndoo ya dagaa ya mama wa watu ikinipumulia magotini, ndimi msingi wa mamlaka yote! Nikajikuta nanyoosha mgongo. Kabla haujanyooka vizuri, konda akagonga bati: "Tazara mwisho! Gari linageuza!"

Nauli ya kunifikisha Gongo la Mboto alikuwa ameshaikunja kati ya vidole vyake. Nikashuka polepole, kitabu mkononi.

"Kijana," nikamwambia, kwa sauti ya mwenye mamlaka yote, "Ibara ya 17 inanipa uhuru wa kwenda nitakako katika nchi hii."

"Nenda, mzee," akasema. "Kuna mtu amekushika?"

Nilitafuta jibu kwa miguu kutoka Tazara hadi Kipawa, sikulipata. Kijana yule, bila kusoma ibara hata moja, alikuwa ameeleza jambo ambalo mawakili hulipwa pesa nyingi kulieleza: uhuru mwingi ulioandikwa humo ni wa kutozuiwa, si wa kubebwa. Katiba imekataza watu wasinifunge kamba miguuni. Haikusema itanipandisha gari jingine.

Siku zilizofuata nikawa mtu wa kitabu. Nikagundua kwamba hata haki zenyewe ziliwahi kushushwa njiani. Katiba ya 1977 ilizaliwa bila orodha ya haki ambayo raia angeweza kuibeba kwapani akaenda nayo mahakamani. Orodha hiyo, inayoanzia Ibara ya 12, iliingizwa na mabadiliko ya mwaka 1984. Halafu mahakama zikaambiwa zisubiri hadi mwaka 1988, ili Serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zake zinazogongana na haki hizo. Umealikwa pilau. Umeoga, umevaa kanzu, umeketi mkekani, sufuria hilo hapo na iliki inanukia. Mwenyeji anasimama, anashukuru wageni kwa kuja, kisha anatangaza kwamba mfuniko utafunuliwa baada ya miaka mitatu, kwa sababu wapishi wanaosha mikono.

Hata hivyo, ulipofunuliwa kuna waliokula. Jioni moja, kwa kujidai, nikawasimulia walio nyumbani kesi ya bibi mmoja wa Kagera. Alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomwelemea na mtu wa kumtunza hana, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani kutaka mauzo yafutwe, kwa hoja kwamba mila ya Wahaya inamruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inambagua mwanamke, na Katiba imeshakataza ubaguzi. Bibi ana haki ya kuuza kama wanavyouza wanaume.

Binti wetu wa kazi alikuwa anaondoa vyombo. Akasimama na bakuli la mchuzi mkononi.

"Kwa hiyo bibi alishinda, baba?"

"Alishinda."

"Kwa kitabu hicho hicho?"

"Kwa hiki hiki," nikasema, nikikipigapiga jalada kama mtu anayesifia ng'ombe wake mnadani. Sikujua kwamba mteja amepatikana.

Wiki hiyo nilihitaji barua ya utambulisho, ili mtoto afunguliwe akaunti benki. Nikaenda ofisi ya mtaa saa mbili asubuhi. Mtendaji ametoka kidogo. Neno hili "kidogo" likitamkwa na mtu wa ofisini halina uhusiano wowote na saa. Msingi wa mamlaka yote nikaketi kwenye benchi lenye miguu mitatu mizima na mmoja wa matumaini, nikasubiri niliyempa madaraka arudi kutoka kunywa chai. Saa nne na nusu akatokea kijana wa mezani, akaniuliza kama nina barua ya mjumbe.

"Barua ya nini tena?"

"Ya kuonyesha kwamba unaishi."

"Si unaniona naishi?"

"Naona, mzee. Lakini haijaandikwa."

Nikamfungulia Ibara ya 8. Akaisoma yote kwa heshima, kidole kikifuata mstari, akanirudishia kitabu kwa mikono miwili. "Ni kweli kabisa, mzee wangu," akasema. "Na picha mbili za pasipoti."

Ni pale kwenye benchi, wakati namsubiri mjumbe naye aliyekuwa ametoka kidogo, nilipokutana na Ibara ya 7. Kumbe kitabu hiki kina vyumba. Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza ina maneno matamu kuliko halua ya Zanzibar. Humo imo Ibara yangu ya 8. Humo imo Ibara ya 11, inayosema nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kupata elimu, na kusaidiwa akizeeka, akiugua au akiwa na ulemavu. Nikaipenda hasa hiyo ya uzee, maana inanijia kwa kasi. Lakini mlangoni mwa chumba hicho amesimama mlinzi, ndiye Ibara ya 7, anayetamka kwamba hakuna mahakama itakayoyatia nguvu ya kisheria yaliyomo humo ndani. Ni malengo ya kuongoza Serikali. Ukitaka haki ya kupeleka kwa jaji, ingia chumba cha pili, Sehemu ya Tatu, Ibara ya 12 na kuendelea.

Nikakifunga kitabu. Yaani mimi ni msingi wa mamlaka yote, ila nikinyimwa mamlaka hayo siwezi kushitaki kwamba nimenyimwa. Mbona hata ahadi ya mchango wa harusi ina nguvu kuliko hii! Ukiahidi laki moja kwenye kamati ya harusi, mweka hazina atakupigia simu ukiwa msibani.

Nami nilikuwa nina kamati shingoni. Asubuhi moja niliamka nikakuta nimeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa shemeji yake mtu niliyewahi kufanya naye kazi. Sikuombwa. Nililala raia, nikaamka mwanakamati. Kadi ya mtu mmoja elfu hamsini, ya mke na mume laki moja, na mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshaandika jina langu chini ya "ahadi zinazosubiriwa". Nilisubiriwa na watu wasionijua sura.

Na mwezi wenyewe ulikuwa umekaa vibaya. Kodi ya nyumba inadaiwa, ada ya shule inadaiwa, na mshahara wa binti wa kazi nilikuwa nimeuomba usubiri mwezi mmoja, nao ulipokwisha nikauomba usubiri wa pili. Laki moja nilikuwa nayo, nimeificha ndani ya soksi ya Idi, lakini nilikuwa na mpango nayo.

Nikafungua Ibara ya 20. Humo imeandikwa kwamba ni marufuku kumlazimisha mtu kujiunga na chama au shirika lolote. Nikaichapa kundini, herufi kwa herufi, nikaongeza: "Kwa msingi huo wa kikatiba, najitoa." Nikatoka. Kwa robo saa nilikuwa mtu huru kuliko wote Ilala. Kisha simu ya mama watoto ikalia. Ikalia tena. Shangazi zake wawili, mjomba wa Morogoro, na dada yake aliye Muscat ambaye huwa hapigi mpaka mtu afe. Kwao wote habari ilishafika kwamba nimekataa kuchanga kwa kisingizio cha siasa.

"Umetuaibisha," akasema mama watoto.

"Nimetumia uhuru wangu."

"Sawa. Na watoto wako wakioa utawalisha wageni uhuru?"

Nakiri swali lile halina ibara. Katiba inaweza kukutoa kwenye chama, lakini kwenye ukoo haina hati ya kukutolea. Hata hivyo laki yangu ilibaki soksini, nami nikajihesabia ushindi.

Usiku nikakimbilia Ibara ya 16, ile ya faragha. Imetaja nafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Walioiandika hawajawahi kupanga nyumba yangu. Ukuta kati yangu na jirani ni wa tofali moja lililosimamishwa ubavu, na juu dari haijafika. Tukinong'ona kuhusu bei ya mchele, upande wa pili sauti inasahihisha: "Hapana shemeji, jana umeshuka." Jirani huyo anajua presha yangu, deni langu la dukani, na nywila ya simu yangu, ambayo mama watoto huwa anaitamka kwa sauti akitaka kukagua mawasiliano yangu binafsi.

Kitabu nilizoea kukisoma kwa sauti baada ya sala ya alfajiri, kwa kutumia uhuru wa maoni wa Ibara ya 18. Siku ya nne ukuta ukaguna. "Jirani," ukasema, "nakuomba uruke mpaka Ibara ya 30, halafu ulale." Nikafungua Ibara ya 30. Inasema haki na uhuru wa mtu mmoja visitumike kwa namna itakayovuruga haki na uhuru wa wengine. Nikazima taa. Kumbe na yeye anacho! Au labda kwa siku nne tu ukuta wetu ulikuwa umeshahitimu sheria.

Lakini kidonda changu kikubwa ni Ibara ya 13. Hiyo ingeheshimiwa kwangu kwa nusu saa tu kwa wiki, ningenenepa. Inataka mtu asikilizwe kikamilifu na awe na haki ya kukata rufani. Inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Inakataza pia kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa. Sasa sikiliza shauri langu. Jumamosi mama watoto alinunua zulia. Nikaingia na viatu, kama nilivyoingia kwa miaka kumi na tisa. Nilipofika katikati ndipo sheria ya kuvua viatu ikatangazwa, na adhabu ikaanza palepale: chai bila chapati, siku tatu.

"Wakati natenda, halikuwa kosa," nikajitetea.

"Sasa ni kosa."

"Nakata rufani."

"Kata."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Mtu anayedai haki zake za kikatiba Mahakama Kuu, chini ya sheria ya mwaka 1994, shauri lake husikilizwa na majaji watatu. Watatu! Kwangu jaji ni mmoja, naye ndiye mlalamikaji, ndiye polisi, ndiye magereza, na ndiye mpishi wa magereza.

Katikati ya kifungo hicho maji yakakatika. Nikarudi Ibara ya 18, kwa sababu humo mna kitu ambacho wengi hawakijui: pamoja na uhuru wa kusema, raia ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Nikasoma tena kutafuta maji yenyewe. Hayamo. Katiba yangu haikuniahidi maji, iliniahidi taarifa. Rafiki yangu wa Mombasa nilipomlalamikia kwenye simu alinicheka sana. Yao ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, imeandika wazi kwamba kila mtu ana haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Nikamwambia basi ninyi mmebarikiwa. Akasema, "Ngoja kwanza, punda wa mikokoteni ya maji amefika," akakata simu.

Taarifa nami niliipata, tena wakati wote, kama Katiba inavyotaka. Ilitoka kwa ukuta: "Jirani, maji hayatoki mpaka Alhamisi."

Binti wa kazi ndiye aliyebeba madumu. Kisima cha mzee wa mtaa wa pili, dumu shilingi mia mbili, safari sita asubuhi, sita jioni. Alhamisi maji hayakutoka, akaongeza safari. Mimi nilimwona akipita dirishani, shingo imekakamaa chini ya dumu, nami nimekaa kwenye kiti naandika orodha ya haki zangu zilizovunjwa tangu Jumatatu. Nilikuwa nimefika ya kumi na nne.

Kumbe usiku, nikishalala, kitabu kilikuwa hakilali.

Ijumaa jioni akaja sebuleni. Amevua viatu mlangoni, maana yeye sheria za zulia alikuwa ameshazijua. Mama watoto alikuwa anasuka mkeka, akapunguza mwendo wa vidole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nilikuwa nauliza Ibara ya 23. Imesema kila mtu anayefanya kazi apate ujira unaolingana na kazi yake. Huyo kila mtu, baba, na mimi nimo?"

Niliona hatari, nikaikimbilia silaha niliyoipata kwenye benchi la ofisi ya mtaa. "Mwanangu," nikasema kwa upole wa kiwakili, "mambo ya haki ya kazi ukisoma vizuri utayakuta Ibara ya 11. Na Ibara ya 7 imesema hayo hayatiliwi nguvu na mahakama. Ni malengo. Tunayaelekea taratibu."

"Ibara ya 11 iko Sehemu ya Pili, baba," akasema. "Ya 7 inazungumzia Sehemu ya Pili tu. Ya 23 iko Sehemu ya Tatu."

Ukuta ukakohoa.

"Basi nipe muda," nikasema. "Hata Serikali ilipoingiza haki hizi ilijipa miaka mitatu ya kujiandaa."

"Iliisha mwaka 1988, baba. Mimi nilikuwa hata sijazaliwa."

"Hapo umekamatika, jirani," ukuta ukasema.

Mama watoto akaweka mkeka chini. Nilitegemea hukumu ya papo kwa papo, kama ya zulia. Badala yake akanitazama, akakunja mikono, akauliza kwa utulivu, "Haya, baba watoto. Una utetezi wowote?"

Kwa mara ya kwanza tangu anioe (maana sina hakika tena nani alimwoa nani), nikapewa haki ya kusikilizwa kikamilifu. Chumba kizima kilikuwa kimya. Ukuta nao ulikuwa kimya. Nikafungua mdomo, nikaona yale madumu yakipita dirishani, kumi na mawili kwa siku, nikaufunga. Orodha yangu ya haki kumi na nne ilikuwa mezani, imejaa pande zote mbili, na jina la binti halikuwamo mahali popote isipokuwa nyuma, kwa penseli, kwenye hesabu ya madeni.

Nikaenda chumbani kuichukua soksi ya Idi. Laki niliyoiokoa kutoka kwa kamati ya harusi kwa Ibara ya 20 ikatoka kwa Ibara ya 23. Haikutosha miezi miwili. Nikaongeza ya ada, na ya ada nitaitafuta kama Serikali inavyotafuta, kwa kujiwekea lengo. Akazihesabu, akapiga goti, akasema ahsante, baba. Ile ahsante ilinichoma kuliko kama angenitukana, maana nani anashukuriwa kwa kulipa deni?

Maji yalirudi Jumapili saa nane usiku bila taarifa. Barua ya mjumbe bado naifuatilia. Kwenye kundi la harusi nimerudishwa, safari hii kama mjumbe wa kamati ndogo ya vinywaji.

Kitabu nacho kimehamia jikoni. Kinakaa rafuni, kati ya kopo la chumvi na la majani ya chai, na kimeanza kuingiwa na harufu ya vitunguu. Jana nilitaka kuangalia Ibara ya 24, ile ya kumiliki mali, kwa sababu viti vyangu vinne vya plastiki viliazimwa msibani wiki tatu zilizopita na havijarudi. Nikasimama mlangoni pa jikoni, nikabisha hodi.

"Subiri kidogo, baba," akasema binti. "Naimalizia Ibara hii."

Nikaketi kwenye kigoda. Nilishazoea kusubiri.